Kujaribu Kinga

Mimi si daktari. Hukaa pembeni
na kompyuta inayozungumza na kifua cha mtu.
Ajali haina kinga, watu husema;
mimi nalipwa mshahara kwa ajili ya kinga,
na kazi yangu leo, kwa lugha isiyo ya mkataba,
ni kumuua mzee Bogumił kwa kitufe
kisha kungoja.

Nje, Łódź ina theluji ya Machi, chafu kama pamba ya sakafuni.
Daktari Borucka ameshakifukia kidude chini ya mtulinga wa kushoto,
kidogo kama saa ya mfukoni,
na waya wake umeteremka na mshipa hadi moyoni,
ukajishika ukutani kama mzizi uliopata ufa.

Siku hizi wengi hawajaribu.
Hushona, humtakia mtu heri.
Jana Borucka aliketi ukingoni mwa kitanda, hakumficha kitu:
tukijaribu, kuna hatari; tusipojaribu, hatujui.
Bogumił akacheka mpaka akakohoa.
Miaka thelathini na minane alitengeneza mitambo ya kufuma
katika kiwanda ambacho leo ni maduka na mikahawa.
"Daktari," akasema, "sikuwahi kumkabidhi mfumaji mtambo
kabla ya kukata uzi makusudi,
nione kama utajisimamisha."
Akatia sahihi. Mkono ulitetemeka, jina halikutetemeka.

Haya.
Usingizi umekolea. Zbysław, mwenye dawa zake, ainua kidole gumba.
Pedi za nje zimebandikwa kifuani na mgongoni,
akiba ya akiba.
"Niko tayari. Mko tayari?"
Nabonyeza.

Mtande wote wakatika.
Kwenye skrini milima yageuka mchanga,
moyo wapapatika
kama kuku aliyekwisha chinjwa ila hajaambiwa,
haupigi, hausukumi, purukushani tupu.
Shinikizo la damu lashuka ngazi mbili mbili.

Mbili. Tatu.
Kidude chahesabu, chajiuliza: hiki ni kifo au ni kelele?
Tano. Kimeamini. Chajichaji.
Nane.
Hakuna anayemeza mate.
Watu sita, mioyo sita yakimbia
kana kwamba yaweza kuufidia mmoja.

Kumi. Mwili waruka juu ya meza.
Jouli ishirini.

Mchanga.

Bado mchanga.

Mkono wa Zbysław umeshafika kwenye mashine ya nje.
"Ngoja," asema Borucka, hapazi sauti, "kinajichaji tena."
Miaka tisa katika kazi hii,
sijasikia neno refu kuliko hilo.

Kumi na tisa. Jouli thelathini na tano.
Mwili, meza, kimya,
kisha kilele kimoja peke yake,
kama mtu aliyesimama katikati ya shamba lililovunwa,
kisha cha pili,
kisha mshindio ukaanza tena kupita,
huku, kule, huku, kule,
na mtu fulani nyuma yangu akapumua kwa niaba ya wote.

Hatukushona.
Borucka aliuvuta waya, akautafutia ukuta mwingine,
tukampumzisha mzee dakika kadhaa,
tukamuua tena.
Safari hii jouli ishirini zilitosha.

Jioni nilimpitia. Midomo mikavu, macho maangavu.
"Uzi mliukata?"
"Tuliukata."
"Mtambo ukasimama?"
Ningeweza kusema ndiyo nikaenda zangu,
basi langu lilikuwa linakaribia.
"Mara ya kwanza ulichelewa," nikasema. "Tukausogeza waya."
"Kiasi gani?"
"Sentimita mbili."

Akainua mkono wenye sindano,
akaacha nafasi kati ya kidole gumba na cha shahada,
akaipeleka penye mwanga wa dirisha
na kuitazama, jicho moja amelifumba,
kama mtu anayekagua kipuri
kabla ya kukubali kukilipia.